Mkiiba katuni yangu ibeni yote! Boksi la tatu mmeling'oa kwa ruhusa ya nani?

Wakuu, salaam. Wasimamizi naomba uzi huu msiupeleke kule kwenye vichekesho, maana leo sicheki na mtu.

Mimi ni mchora katuni wa kujifundisha mwenyewe. Sina gazeti linalonilipa. Mchana nina shughuli zangu, usiku nachora kwenye A4 kwa kalamu ya wino, napiga picha kwa simu, narusha kwenye magrupu na kwenye ukurasa wangu mdogo. Kuibiwa nimezoea. Saini kufutwa nimezoea. Kuna kibanda cha chipsi kilimchukua mhusika wangu kikambandika ukutani akiwa ameshika paja la kuku; nilipita, nikamwangalia, nikaenda zangu. Lakini la safari hii limenikaa kooni.

Naeleza katuni yenyewe kwanza, la sivyo mtaniona nalalamikia upuuzi.

Ni nyumba ya kupanga huku kwetu uswahilini. Vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido katikati, mita ya umeme wa kulipia kabla, Luku, moja tu. Aliyewahi kuishi humo anaijua vita yake. Boksi la kwanza: wapangaji wanachangishana hela ya umeme, na jamaa mmoja, mimi namwita Taamoja, hataki kutoa sawa na wenzake. "Mimi nina taa moja tu na chaji ya simu!" Boksi la pili: mama mwenye nyumba kapanda juu ya stuli anabonyeza zile tarakimu 20, wapangaji wote shingo juu. Boksi la tatu halina neno hata moja. Korido usiku, milango sita imefungwa, na chini ya mlango wa pili kushoto unatoka mvuke. Boksi la nne ni jeusi tii. Umeme umeisha. Ndani ya lile giza kuna puto moja la maneno: "Mungu wangu, maharage yangu!" na mkia wa puto unaelekea pale pale ulipokuwa mlango wa pili kushoto.

Basi. Hiyo ndiyo katuni.

Sasa kuna ukurasa mmoja mkubwa wa vichekesho, jina silitaji, wenye wafuasi malaki. Wameichukua. Saini yangu chini wameikata, sawa. Halafu wameyapanga maboksi mawili juu, mawili chini, ili picha iwe ya mraba. Hapo napo sina neno, manne yanaenea vizuri tu. Ila mahali pa boksi la tatu wameweka nembo yao na namba ya simu ya kupokea matangazo!

Wakuu, hebu isomeni hivyo. Taamoja ana taa moja. Mama anaingiza umeme. Tangazo. Giza, na mtu asiyejulikana analilia maharage. Maharage ya nani? Yametoka wapi? Na ndivyo watu walivyoandika kwenye komenti, siwalaumu hata kidogo: "Sijaelewa." "Maharage yameingiaje hapa?" "Huyu mchoraji kafulia." Mmoja akamwaga kabisa kwamba katuni za siku hizi hazina ujumbe, wachoraji wanatafuta laiki tu. Na wanaonijua wakaanza kunitumia picha za hizo komenti na vicheko juu, kwa sababu mkono wangu wanautambua hata bila saini. Kwa hiyo sifa ingekuwa ya ukurasa, aibu ni yangu.

Nikamfuata admini inboksi, kwa ustaarabu kabisa. Akanijibu: "Kaka ile picha ya tatu haikuwa na kitu, tukaona tutumie nafasi. Shukuru tumekutangaza."

Haikuwa na kitu!

Bwana wewe, lile ndilo boksi lililonitesa kuliko yote. La tatu na la nne niliyachora kwa vipimo vilevile, Jumapili mchana, nimeegesha karatasi moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha ili nijue mlango uko wapi kabla sijaumeza kwa weusi. Mkia wa puto ukisogea kidogo tu kulia, maharage yanahamia kwa jirani. Mvuke niliuchora nikaufuta mara kadhaa: ukiuzidisha, mtu anadhani nyumba inaungua, ukiupunguza, hauonekani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na wasomaji wangu wengi ndizo simu zao. Halafu nikaamua nisiandike kitu pale. Niliamua. Jamaa mmoja alinishauri nitupie japo "Usiku ule..." juu kwenye kona ili watu wasidhani nimesahau. Nikajaribu pembeni. Msomaji anasoma yale maneno, anaruka moja kwa moja kwenye giza, mvuke hauoni.

Baada ya jibu la admini nikashusha faili langu lote, nikaanza kuzipitia katuni zangu za nyuma moja moja. Tuliokua na jarida la katuni la Sani mkononi, tunawageza wahusika wake kina Madenge na Ndumilakuwili kwenye madaftari ya shule, tulianza kwa kujaza. Ninayo moja mtu anakimbizwa na mbwa, na puto linasema "Nakimbizwa na mbwa!" Katuni ile ung'oe boksi lolote utakalo, haina cha kupoteza. Ninachojivunia kwenye za sasa ni kwamba kila boksi lina kazi, na lingine kazi yake ni kunyamaza. (Mikono bado inanishinda, ndiyo maana wapangaji wangu wote wameitia mfukoni. Hiyo mniachie.)

Na hapa ndipo panaponiuma. Katuni ya picha moja, kama zile za mchoraji Kipanya, mtu akiikata nusu, pengo utaliona palepale. Ya maboksi pengo halionekani. Msomaji hana namna ya kujua kwamba kuna kitu kilikuwepo. Anachoona ni mchoraji asiyejua kuchekesha.

Kwa wale wataalamu wa "mtandaoni hakuna mwenyewe": Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inailinda kazi ya sanaa tangu inapobuniwa, hata kama hujaisajili Cosota, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Na zaidi ya habari ya hela, inampa mwenye kazi haki ya kutajwa, na haki ya kupinga kazi yake kukatwakatwa au kugeuzwa kwa namna ya kumharibia heshima. Nadhani "mchoraji kafulia" chini ya katuni iliyong'olewa boksi inatosha kuitwa kuharibiwa heshima, mwanasheria aliyemo humu anisahihishe.

Najua mtaniambia niandike jina langu kubwa katikati ya picha. Niliandike wapi, juu ya mvuke? Na la kutangazwa, nitangazwe vipi na jina mmelifuta?

Admini, najua upo humu, na najua unasoma. Sidai hela. Ishushe, au rudisha boksi langu na saini yangu, tangazo lako kaliweke pembeni huko. Mpaka Ijumaa. Baada ya hapo naenda Cosota na karatasi halisi ikiwa na wino wake, tuone wewe utakwenda na nini.

Na nyie mlionitukana, katuni nzima nimeiambatanisha hapo chini. Hesabuni milango kwanza, ndipo mtukane.