Queen's Park na soka la ridhaa: heshima au kumnyima mchezaji haki yake?

Wadau wa soka, hili linaniuma, naomba tulijadili. Wapo wanaosema Queen's Park ya Glasgow iliuza utu wake Novemba 2019, wanachama walipopiga kura kuachana na soka la ridhaa, yaani kucheza bila malipo, baada ya miaka 152. Wanatukumbusha kaulimbiu ya klabu: kucheza kwa ajili ya kucheza. Mimi nasema kura ile ilichelewa mno.

Uskoti iliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1893. Mwaka huohuo Queen's Park walitwaa Kombe la Uskoti kwa mara ya kumi, na hawajalitwaa tena. Mwaka 1900 walifika fainali, Celtic wakawafunga 4-3. Msimu uliofuata wakaingia kwenye ligi waliyokuwa wameikataa tangu 1890 kwa sababu waliona italeta malipo.

Sasa mfikirieni beki wao wa miaka ya 1905 hadi 1910. Jumamosi anakabana na washambuliaji wa Celtic, timu iliyochukua ubingwa misimu sita mfululizo, watu ambao mpira ndio kazi yao. Jumatatu anaamkia kibaruani, kwa kuwa huko ndiko riziki yake iliko. Akivunjika mguu, anapoteza siku za kazi. Kijana wa kiwanda cha meli kule mto Clyde, Glasgow, mwenye familia inayomtegemea angewezaje kuchagua maisha hayo, hata kama alikuwa beki bora Glasgow nzima?

Na msiniambie hapakuwa na fedha. Uwanja wa Hampden, uliofunguliwa 1903, ulikuwa mali ya klabu. Mwaka 1908 watu zaidi ya 120,000 waliingia kutazama Uskoti na England. Mwaka 1933 Bob Gillespie, beki wa kati wa Queen's Park, aliiongoza Uskoti akiwa nahodha mbele ya watu zaidi ya 130,000 palepale, wakashinda 2-1. Umati ule ulilipa kiingilio. Fedha zilikuwepo, ila klabu ya Gillespie ilijiwekea sheria kwamba mchezaji wake asiguse hata senti.

Mtanitajia R. S. McColl, mshambuliaji wao aliyeondoka 1901 kwenda kulipwa Newcastle, kisha akarejea 1907 kucheza bure. Namheshimu sana. Lakini McColl alikuwa na maduka yake ya peremende. Aliyeshiba hupata nafasi ya kuchagua.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya Third Lanark, klabu jirani yao iliyolipa wachezaji na ikafa 1967, huku Queen's Park wakiendelea kuishi. Hiyo naikubali nusu. Third Lanark waliangushwa na viongozi wabovu, mishahara haikuwa kiini. Ila ni kweli kwamba ridhaa iliwaepusha Queen's Park na madeni ya aina ile.

Lakini gharama tuliiona kwa Andy Robertson, beki mwingine. Celtic walimwacha akiwa kijana, Queen's Park wakampokea na kumpa nafasi. Mwaka 2013 akaenda Dundee United, na miaka minne baadaye yuko Liverpool. Klabu iliyomwinua haikuwa na mkataba wa kumshikilia.

Ninyi mnaoitetea ridhaa, nijibuni hili moja: yule beki wa 1908 aliyevunjika mguu Jumamosi, nani alilisha watoto wake wiki iliyofuata?