Naomba ushauri: makaa ya vifuu kwa tanuri la kusubu

Assalaam aleikum wapendwa. Nina karakana ndogo hapa Jomvu, Mombasa, nasubu (nayeyusha na kumimina kwenye kalibu) alumini na shaba chakavu. Makaa ya msituni sitaki tena, miti inaisha na roho inaniuma. Na pale soko la Kongowea vifuu vya nazi vinatupwa kila siku!

Nimechoma vifuu kwenye pipa la mafuta mara tatu. Kilo 100 zanipa makaa kilo 25 hivi, nashukuru. Shida ni yale ya juu, hutoka hudhurungi na yakiingia tanurini yanafuka moshi, yaani gesi na lami hazijatoka zote. Najua makaa ya nyuzi 400 huwa na kaboni kama asilimia 70, na ukipita 600 hupanda zaidi ya 80. Nitajuaje nimefika huko bila kipimajoto? Nafikiria kufunga vifuu kwenye pipa dogo ndani ya pipa kubwa, gesi irudi kwa bomba iungue chini. Aliyewahi kuunda hivyo anieleze upana wa bomba, maana gesi ikikosa njia pipa litapasuka, na watoto wanapita pale.

Tena, vumbi la makaa nalishikanisha kwa wanga wa muhogo liwe vibonge. Jikoni ni sawa, lakini feni ikipuliza tanurini vibonge vinasagika. Je, molasi ni bora? Brazili wanayeyusha chuma kwa makaa ya miti katika matanuri makubwa, kwa hiyo naamini inawezekana. Mafundi wa Kilifi na Kwale, tafadhali nisaidieni.