Mkimbiaji akitoweka: tukisie hadharani au tufunge midomo?

Kijito
Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Mtu katoka alfajiri kukimbia, hajarudi. Saa nne picha yake imezagaa, na ikifika jioni kila mtu ni mpelelezi: mume anajua kitu, simu ilizimwa makusudi, saa ya mkononi iligota darajani kwa hiyo katupwa mtoni.

Msimamo wangu ni kwamba kukisia hadharani kunaharibu utafutaji wenyewe. Maumivu ya familia tuyaweke pembeni kwanza, ingawa nayo si haba. Kumbukeni Boston, Aprili 2013. Mwanafunzi mmoja alikuwa ametoweka tangu Machi, na nduguze walikuwa wamefungua ukurasa wa Facebook wa kumtafuta. Mabomu yalipolipuka kwenye mbio za marathoni, watu mtandaoni wakalinganisha picha na kuamua ndiye mlipuaji. Ukurasa ule ukajaa matusi mpaka familia ikaufunga. Mwili wake ulipatikana mtoni Aprili 23, na hakuhusika na mabomu kwa lolote. Yaani chombo cha kumtafutia mtu kiliuawa na watu waliodai wanasaidia.

Mwenye hoja ya kupinga, karibu.

Sauti ya Mtaa
Mkuu, mfano mzito, lakini umechagua upande mmoja. California, Novemba 2016: mwanamke alitoka kukimbia akatoweka, akaonekana siku 22 baadaye akidai ametekwa na wanawake wawili. Waliosema hadithi ina matundu waliitwa wakatili. Mwaka 2022 akakiri kosa la kudanganya wapelelezi na akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Je, wale nao wangefunga midomo?

Halafu kuna ukweli mchungu: pasipo kelele, faili hulala. Droni na mbwa hutoka haraka pale ambapo watu wanauliza. Na hao watafutaji wenyewe si wanakisia? Tofauti yao na sisi ni sare tu.

Ramani Mkononi
Hapana, tofauti siyo sare. Mtafutaji anakisia kwa hesabu, na kisio lake linaweza kushindwa. La mtaani halishindwi kamwe, maana likikosa ushahidi linasema ushahidi umefichwa.

Tazama inavyokwenda. Anza na pale mtu alipojulikana kwa hakika kuwa alifika, si pale anapodhaniwa. Kama kawaida yake ni dakika 50 kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita, anakimbia kilomita 8.3 kwenda na kurudi. Kumbe mbali zaidi anapofika ni kilomita 4.2 hivi kutoka nyumbani. Wengi huchora duara la kilomita 8.3 kila upande kutoka nyumbani. Hilo lina kilomita za mraba 216, na lile sahihi lina 55. Umeshawatawanya watu wako kwenye eneo mara nne zaidi kabla hata hujaanza.

Kisha eneo linagawanywa na kila kipande kinapewa uzito. Tuseme bonde asilimia 40, njia ya mtoni 30, barabara 20, na 10 zinabaki kwa "yuko nje ya ramani yetu". Hizo 10 usizifute hata siku moja, maana ndimo anamokaa aliyepewa lifti, aliyebadili njia na aliyetekwa. Sasa timu inapita bondeni kwa ukaguzi ambao, kama mtu yumo, una nafasi ya asilimia 70 ya kumwona. Hawajamwona. Bonde linabaki na asilimia 30 ya zile 40, yaani 12. Jumla ya ramani sasa ni 72, kwa hiyo bonde lina 12 kwa 72, karibu asilimia 17. Njia ya mtoni imepanda mpaka 42 bila yeyote kwenda huko. Bonde halijawa sifuri, na huenda ukarudi.

Uvumi unavunja hesabu hii mahali pawili. Kwanza unahamisha miguu: neno "daraja" likisambaa, watu 60 wanajazana darajani na bonde linakosa watu. Pili, na hili ndilo baya zaidi, unafuta maeneo kwa uongo. Mtu anatangaza "bondeni tumeshapita, hayupo". Mlipita vipi? Mkiwa umbali gani kati ya mtu na mtu? Mliangalia nyuma? Mkimbiaji akizidiwa na joto, mwili ukavuka nyuzi 40, akili inachanganyikiwa; anaacha njia kutafuta kivuli na kuanguka hatua tano tu chini ya ukingo. Anayepita juu akitazama mbele anamkosa. Ndiyo maana kila hatua kumi au kumi na tano unageuka: kichaka kinachomficha mtu ukija kinamfichua ukishapita.

Kwa hiyo kisia, ila kisio lako liseme tukatazame wapi, na tukikosa nini utaliacha. "Mume ndiye" halimtumi mtafutaji popote.

Na ile ya California, mkuu, wenye mashaka walipatia. Ila kilichomuumbua ni vinasaba kwenye nguo zake, vilivyowafikisha wapelelezi kwa mpenzi wake wa zamani aliyekuwa akimhifadhi.

Fundi Minara
Niingie kwenye simu, maana hapo ndipo upotoshaji mwingi unapozaliwa.

"Simu ilisoma mnara fulani" haimaanishi mtu alikuwa chini ya mnara ule. Mnara wa kawaida una pande tatu, kila upande unamulika nyuzi 120, na simu hushika mawimbi yanayoifikia vizuri, si lazima ya mnara ulio jirani. Ukiwa mlimani unaweza kushika mnara wa ng'ambo ya bonde ukaacha ulio nyuma ya kilima. Kwenye 4G mtandao unaweza kukadiria umbali kwa hatua za mita 78 hivi. Kinachopatikana ni kipande cha upinde, kama ganda la tikiti. Anayekuonyesha nukta moja kwenye ramani kutokana na mnara peke yake anakuuzia usahihi asiokuwa nao.

"Simu ilizimwa" nayo ina sura mbili. Ukiizima kwa kitufe, inauaga mtandao na kumbukumbu inabaki. Ikitumbukia majini au ikiingia pasipo na mawimbi, haiagi. Mtandao unaendelea kuihesabu ipo mpaka muda wake wa kuripoti upite, ambao kwenye 4G kwa kawaida ni dakika 54. Hiyo karibu saa nzima ndiyo watu wanayoijaza hadithi. Anayeweza kujua ni sura ipi ni kampuni ya simu, na humpa mpelelezi, haiweki mtandaoni.

Tiki mbili za WhatsApp pia. Zinaonyesha ujumbe umefika kwenye simu au kwenye kompyuta iliyounganishwa na akaunti ile. Laptopu iliyoachwa wazi mezani nyumbani inatosha kuleta tiki mbili, kisha mtaa mzima unasema "yu hai, anasoma, anatupuuza".

Na saa ya mkononi: isiyo na laini yake, ikiwa mbali na Wi-Fi, haitumi chochote peke yake, inategemea simu. Nukta ya mwisho inayoonekana mtandaoni ni pale simu ilipopata data mara ya mwisho. Daraja lililotajwa hapo juu huenda ni pahali palipo wazi tu, mawimbi yanapita. Njia kamili iko ndani ya saa yenyewe, na saa iko mkononi mwa mtu anayetafutwa.

Sauti ya Mtaa
Nimekuelewa fundi, na la ganda la tikiti limenikaa. Ila bado hamjagusa chanzo. Haya mnayoeleza hapa, nani huwaeleza wananchi siku ya kwanza?

Chukueni Lancashire, Uingereza, Januari 2023. Mama alikuwa akitembeza mbwa kando ya Mto Wyre. Simu yake ikakutwa kwenye benchi bado imeunganishwa na kikao cha kazi. Umma ukafurika kijijini, watu wakirekodi video na kuchungulia nyumba za wenyewe. Tarehe 19 Februari mwili ukapatikana mtoni, kama maili moja tu chini ya lile benchi, na uchunguzi wa kisheria ukaamua alizama kwa ajali. Sawa, umma ulikosea. Lakini tathmini huru iliyotoka Novemba mwaka huohuo iliwalaumu polisi pia: waliacha ombwe la habari, kisha wakatangaza mambo ya afya yake ambayo hayakuwa na sababu ya kutangazwa. Ombwe likiachwa, litajazwa. Mnawakemea wanaojaza, mnawaacha walioacha.

Kijito
La ombwe nalikubali. Lakini hata ukijua mambo yote, yapo ambayo mpelelezi anapaswa kuyaficha.

Karani wa Vielelezo
Hapo Kijito kasema jambo linalosahaulika. Huwa inazuiliwa habari moja au mbili ndogo: soksi ilikuwa ya rangi gani, funguo zilikutwa mfuko upi. Kazi yake ni kuwachuja wanaokuja kukiri uongo, na kwenye kesi kubwa hujitokeza. Ukishaisambaza picha ya funguo, kichujio kimetoboka.

Familia nayo iwe na kichujio chake, kwa sababu ya matapeli. Namba ikiwekwa kwenye tangazo, ndani ya siku moja anapiga mtu: "Ninaye, tuma pesa." Usitaje kwenye tangazo kila alichovaa au alichobeba. Bakiza kimoja, kama alama ya upasuaji au maandishi ya ndani ya pete. Anayepiga aulizwe hicho. Akibabaika, kata simu na mpe mpelelezi ile namba.

Mashahidi ni ushahidi unaoharibika haraka kuliko nyayo. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake walionyesha hili mwaka 1974: watu walitazama filamu ileile ya magari kugongana, na wale walioulizwa kwa neno lenye kishindo walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa, ilhali waliotajiwa kugusana tu walisema karibu 32. Neno moja tu. Sasa fikiria shahidi aliyeona "gari" alfajiri, akasoma mara hamsini kuhusu "Noah nyeupe". Akihojiwa kesho ataiona nyeupe kabisa, na ataapa.

Sauti ya Mtaa, unataka umma ufanye kitu? Kamera. Kifaa cha kurekodi hujifuta chenyewe, vingine baada ya siku chache tu. Kamera ya ndani ya gari yenye kadi ya GB 64 inaweza kujiandika upya baada ya saa nane au kumi za safari. Aliyepita njia ile asubuhi ile atoe kadi, aweke nyingine. Kabla ya kunakili kamera ya duka, piga picha ya kioo chake kikionyesha saa ya sasa, simu yako ikiwa jirani, saa zote mbili zionekane. Kamera ambayo saa yake iko mbele kwa dakika chache inaweza kumpa mtu lawama ya kuwa mahali ambapo hakuwapo. Toa faili halisi, usirekodi kioo kwa simu. Picha ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za saa na mahali hunyofolewa. Itume kama dokumenti.

Ukikuta kiatu, usikiokote. Piga picha ya mbali, ya karibu, na ya karibu yenye rula au sarafu kando yake, kisha rudi kwa njia uliyojia. Mahali paandikwe kwa mtindo mmoja. Kuna anayesoma nyuzi 6 na dakika 30 akaandika 6.30. Kwa desimali hiyo ni nyuzi 6 na dakika 18, na tofauti ya dakika 12 za latitudo ni kilomita 22. Timu nzima inapelekwa wilaya nyingine kwa sababu ya nukta.

Kwa mbwa wa kunusa: foronya au soksi aliyoivaa yeye peke yake, ishikwe kwa glavu safi, itiwe mfuko mpya. Siyo mama aikumbatie kwanza. Inauma kusema, lakini mbwa atapewa harufu mbili.

Sauti ya Mtaa
Haya, la kamera nalibeba. Ila msimamo wangu wa kuuliza maswali kwa sauti sijauacha: "mmeshachukua kamera ya kituo cha mafuta?" ni swali, si umbea.

Ramani Mkononi
Hilo uliza hata mara kumi. Linamtuma mtu mahali.

Nyota ya Alfajiri
Fundi Minara, swali dogo. Nimeona familia zinaomba kila mtu "apige namba yake huenda akapokea". Ni sawa?

Fundi Minara
Ni kosa kubwa dada, na hutendwa kwa nia njema. Kila simu inayoingia inawasha kioo, inaita, inatetemesha. Kama ilibaki na chaji asilimia 10, watu mia wakipiga wameimaliza, na pengine ilikuwa mkononi mwa mtu aliyevunjika mguu akisubiri mawimbi.

Achaguliwe ndugu mmoja. Awashe kwanza ripoti ya kufika kwenye mipangilio ya SMS zake, ndipo atume ujumbe mmoja mfupi: uko wapi, unaona nini, usihame, punguza mwanga wa kioo. Simu isipokuwa hewani, SMS hungoja kwenye mtambo wa kampuni, mara nyingi kwa saa nyingi, hata siku. Ikirudi hewani hata kwa nusu dakika, inaingia, na ripoti inamrudia ndugu ikiwa na saa kamili. Ile saa aiandike kwenye karatasi na ampigie mpelelezi papo hapo, aulize simu imeshika mnara upi. Asiiweke hadharani.