Kreatinini ya mama imo ndani ya kiwango, mbona daktari bado anazitilia shaka figo zake?

Mwenye swali, Ngamiani, Tanga
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 68, na kwa muda mrefu ana kisukari na shinikizo la damu. Karatasi ya majibu ya damu ilionyesha kreatinini ya maikromoli 110 kwa lita, na pembeni pameandikwa kwamba kawaida ni 60 hadi 115. Hata hivyo daktari ameagiza apimwe mkojo, kisha arudie kipimo cha damu baada ya miezi mitatu. Mama hana maumivu wala hajavimba miguu, na kumtoa Pangani kila mara ni gharama. Je, kuna ulazima?

Mtaalamu wa maabara, Tanga mjini
Waalaykum salaam. Mfikishie mama shikamoo yangu. Ulazima upo, tena mkubwa. Kreatinini ni taka itokanayo na misuli, na figo ndizo huiondoa kwenye damu. Kwa hiyo 110 ya kijana anayebeba mizigo bandarini haina maana sawa na 110 ya mama mtu mzima ambaye misuli yake imepungua. Ndiyo sababu daktari huiingiza tarakimu hiyo katika kanuni, pamoja na umri na jinsia, ili akadirie kasi ya figo kuchuja damu. Kwa kanuni ya mwaka 2021 isiyotumia rangi ya mtu, mwanamume wa miaka 25 mwenye 110 hupata uchujaji wa takriban mililita 82 kwa dakika, ilhali mwanamke wa miaka 68 hupata takriban 47. Uchujaji ulio chini ya 60 ukidumu zaidi ya miezi mitatu huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo. Muda huo ni muhimu, kwani hata kuharisha na kupungukiwa maji huweza kuipandisha kreatinini kwa siku chache. Kutosikia maumivu kusikupe matumaini, maana figo huharibika kimyakimya.

Muuguzi, Muheza
Naongeza kuhusu mkojo. Kwa mwenye kisukari, protini iitwayo albumini mara nyingi huanza kuvuja kwenye mkojo kabla kreatinini haijapanda, hivyo damu peke yake haitoshi. Kipo pia kipimo cha damu cha sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli, ila ni ghali zaidi, na matatizo ya tezi ya shingo au dawa za steroidi huweza kukipotosha. Asile nyama nyingi kabla ya kutolewa damu. Je, anatumia dawa za maumivu?

Mwenye swali
Ahsanteni sana. Anameza diklofenaki kwa ajili ya magoti, hununua dukani mwenyewe.

Muuguzi, Muheza
Basi hilo daktari alijue mapema, kwa sababu dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Asizimeze tena mpaka amwone, lakini dawa za shinikizo na kisukari asiziache kwa uamuzi wake. Siku ya kurudi, bebeni dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, pamoja na karatasi ya majibu ya kwanza.