Kengele ya moto inalia saa kumi alfajiri na moto hamna, naombeni ushauri

Baba Wawili Njombe: Kamwene wakuu. Nasimamia gesti ya vyumba 18 hapa Njombe, mwenye mali yupo Dar. Kafunga mfumo wa kengele ya moto, vile vidude vyeupe vya darini na paneli pale mapokezi. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze inalia alfajiri, wiki hii mara tatu. Juzi mzee mmoja katoka na taulo na povu kichwani, baridi ya huku mnaijua, asubuhi anadai hela yake. Swali langu ni moja tu, napunguzaje ukali wa hivi vidude?

Mkulima wa Parachichi: Hela ulirudisha?

Mama Soweto Mbeya: Umenikumbusha hosteli. Ililia mpaka tukazoea, siku jiko la mpishi limewaka kweli sisi tumejifunika tunasema ndo zile zile. Kuna kaka alipita mbio mlangoni kwangu nikajua anakuja kuniokoa, kumbe kabeba redio yake. Nikaolewa naye hivyo hivyo.

Fundi wa Uyole: Mkuu ikilia usikimbilie kuriseti. Tembea kwanza uangalie kidude kipi kinawaka taa nyekundu, maana ukiriseti inazima na ushahidi umepotea. Kipi hicho na kipo karibu na nini?

Baba Wawili Njombe: Korido ya chini, mbele ya milango ya mabafu. Wageni wa basi la alfajiri wanaoga maji ya moto.

Fundi wa Uyole: Basi umejijibu. Ndani ya kile kidude kuna chumba cheusi na kitaa chenye mwanga usioonekana kwa macho, moshi ukiingia mwanga unatawanyika unapiga kwenye jicho lake, kengele inalia. Sasa mvuke nao unatawanya mwanga vilevile, hata vumbi, hata buibui. Kihamishe mbali na mlango wa bafu, kisafishwe. Paneli nyingine zinaweza kupangwa zisubiri, kidude kikiona kitu zinakiriseti zenyewe, kikiona tena ndo zinalia. Usidanganywe uweke cha joto koridoni, hicho cha jikoni, kinasubiri joto lifike nyuzi 57 hivi, hapo watu waliolala wameshavuta moshi. Na kupima ni kwa kopo maalum la moshi kwenye fimbo, sio kuchoma gazeti, masizi yanakiharibu. Leo imelia?

Baba Wawili Njombe: Hapana kwa sasa imetulia.

Fundi wa Uyole: Imetuliaje yenyewe?

Mama Soweto Mbeya: Sema tu mwanangu.

Baba Wawili Njombe: Basi niseme. Nimevivisha glovu zile za hospitali na mpira wa pesa. Ila ni vitano tu vya chini, vya juu vyote vipo wazi, na mimi nalala hapo hapo mapokezi, moto ukitokea si nitausikia harufu? Na majiko ya mkaa nayatoa vyumbani saa nne, sio kwamba nayaacha usiku kucha.

Fundi wa Uyole: MAJIKO GANI TENA

Baba Wawili Njombe: Wageni wanalalamika baridi mkuu. Dirisha naacha wazi kidogo.

Mama Soweto Mbeya: Yesu wangu. Mkaa uliokolea hauna moshi lakini hewa yake inaua mtu usingizini, na hata ungevua hizo glovu kidude cha moshi hakiioni hiyo hewa. Wape mablanketi!

Kijana wa Makambako: Chai hii, tena haina sukari. Mwezi wa pili huyu alifungua uzi ni dereva wa fuso Tunduma, leo meneja wa gesti. Na fundi katokea fasta na maelezo yote, hapa kuna watu wanauza vidude.

Fundi wa Uyole: Nimetaja bei? Nimetoa namba? Namba nitakayompa ni 114 ya Zimamoto.

Baba Wawili Njombe: Fuso mwenyewe aliuza ndo nikaja huku. Picha siweki, bosi yupo humu humu.

Kijana wa Makambako: Bila picha ni chai.

Mkulima wa Parachichi: Sio chai. Chumba namba 7, na mimi sio mzee, nina miaka 46. Nauliza tena, hela yangu vipi?

Fundi wa Uyole: Afadhali shahidi kapatikana. Mkuu ulipotoka, taa nyekundu ilikuwa inawaka kidude kipi?

Mkulima wa Parachichi: Nilikuwa na povu machoni.