Kipindi kikiisha, mshiriki anabaki wa nani?

MLETA MADA
Wakuu, hili naomba tulijadili bila matusi.

Naongelea vile vipindi vya maisha halisi vya runinga (reality show). Kila msimu linatoka kundi jipya la watu waliofungiwa jumbani au kisiwani wiki kadhaa, wakirekodiwa wakila, wakilala, wakigombana na wakilia. Msimu ukiisha wanarudishiwa simu zao. Hapo kwenye kurudishiwa simu ndipo mimi huwa nakwama. Mtu hajui chochote kilichosemwa nje, anawasha simu, na kabla hajampigia mama yake anakutana na maelfu ya watu asiowajua wanaomwita majina. Huyu anataka kumchumbia, yule anamtakia kifo, na wote wanamwita kwa jina lake la kwanza kama vile wamekua naye.

Hoja yangu ni moja. Anayetengeneza kipindi awe na wajibu wa kisheria kwa mshiriki hata baada ya kipindi, ikiwemo kumwekea mshauri wa saikolojia, kama mwajiri alivyo na wajibu kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Siongelei hisani wala ujumbe wa kumtakia kila la heri.

Chukueni habari ya Hana Kimura, mwanamieleka wa Japani aliyekuwa kwenye Terrace House, kipindi cha vijana sita wanaoishi nyumba moja. Siku moja nguo yake ya ulingoni ilisinyaa kwenye ufuaji kwa sababu mwenzake hakuangalia alichokuwa anafua. Akakasirika, wakazozana, akamvua yule kaka kofia kwa kuipiga kibao. Basi. Nyumba yoyote yenye watu sita ina ugomvi wa namna hiyo. Ila huu ulirushwa, mitandao ikamshukia, na tarehe 23 Mei 2020 akajiua. Alikuwa na miaka 22. Mwaka 2022 Japani ikakaza sheria: kumtusi mtu hadharani, kosa ambalo faini yake haikuwa ikifika hata yen 10,000, sasa linaweza kukupeleka jela mwaka mmoja au kukutoza hadi yen 300,000. Nawapongeza. Lakini sheria hiyo inamgusa aliyetukana tu. Mwenye jukwaa imempita pembeni.

RIMOTI MKONONI
Mkuu, nakuheshimu, ila umetupeleka msibani moja kwa moja ili tuone aibu kubisha.

Wale ni watu wazima. Walijaza fomu, wakapanga foleni, na wapo wanaokataliwa mara tatu na bado wanarudi. Hakuna aliyetekwa. Na mbona hutaji walionufaika? Jennifer Hudson alitolewa American Idol, lile shindano la kuimba la Marekani, mwaka 2004 akiwa wa saba, na mwaka 2007 alikuwa ameshika Oscar. Susan Boyle hakushinda Britain's Got Talent ya 2009, alikuwa wa pili, na albamu yake ikauza mamilioni ya nakala. Idris Sultan alitoka Big Brother Africa 2014 na dola 300,000, na sasa wengi wanamjua kwa uchekeshaji na uigizaji kuliko lile jumba.

Mlango umefunguliwa, wewe umejikwaa kizingitini, mwenye nyumba ana kosa gani? Richard Hatch alishinda msimu wa kwanza wa Survivor, shindano la Marekani la kuishi kisiwani, mwaka 2000, dola milioni moja taslimu. Kodi hakulipa. Mwaka 2006 akahukumiwa miezi 51 jela. Na hilo tumdai prodyuza?

MLETA MADA
Hatch simtetei, kodi ni kodi.

Lakini angalia uliowataja. Wawili ni waimbaji. Walikuja na kazi yao, kipindi kikawapa maikrofoni. Mwimbaji akitolewa, sauti anaondoka nayo. Aliyeingizwa pale ili awe "yule dada mgomvi" anaondoka na nini? Ugomvi. Na watu wanaufahamu kabla hajafungua mdomo, pamoja na yule anayemfanyia usaili wa kazi.

Hali mbaya kuliko zote, kwa maoni yangu, ni umaarufu nusu. Uso unajulikana, mfuko uko vilevile. Mtu anatambuliwa kwenye basi, lakini bado anapanda basi, na wenzake ndani ya basi wameshatoa simu wanampiga picha.

MEZA YA UHARIRI
Mimi nimekaa chumba cha uhariri misimu miwili. Kipindi sikitaji. Ngoja niwaeleze huyo dada mgomvi anavyopikwa.

Unapewa picha za saa nyingi, unatakiwa utoe kipande kisichofika saa moja. Ukutani kuna karatasi, imeshaandikwa kabla sijafungua hata faili moja: huyu mpole, huyu mapepe, huyu mchochezi. Sasa mchochezi wangu siku hiyo hakuchochea. Alikuwa kwenye kochi anasikilizia jino. Ninayo sura yake amekunja uso, sekunde tatu, saa nne asubuhi. Naikata. Naibandika usiku, pale mwenzake anaposimulia kifo cha baba yake. Mtazamaji anaona nini? Mtu analia msiba, dada amekunja uso.

Picha sikughushi, zote ni zake. Kuna na kuunga maneno: neno la Jumanne, nusu sentensi ya Ijumaa, juu yake unaweka picha ya mtu mwingine anayesikiliza ili mdomo wa msemaji usionekane. Mkiangalia vipindi hivi na mkasikia mshiriki anaongea huku kamera iko kwa mwingine, pengine hapo pana mshono.

Baada ya msimu yule dada alinitafuta. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama ile picha nzima ya jino bado ipo, ili awaonyeshe watu. Nikamjibu ni mali ya kampuni. Na ni kweli, mkataba aliosaini uliwapa ruhusa ya kuitumia sura yake watakavyo.

Kwa hiyo Rimoti, kizingiti unachokisema nilikuwa nakijenga mimi, usiku, na nililipwa.

RIMOTI MKONONI
Nashukuru kwa ukweli wako. Ila hayo ni matatizo ya uhariri. Mada ni baada ya kipindi. Kama uhariri ni wa uongo, rekebisheni uhariri.

BI MIZANI
Haya, mimi nakuletea mfano ambao mhariri hana mkono wake.

Watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwafuatilia washiriki 14 wa The Biggest Loser, lile shindano la kupunguza uzito, msimu uliorushwa 2009. Wakawapima tena miaka 6 baadaye, matokeo yakachapishwa 2016. Kwenye shindano walikuwa wamepungua kilo 58 kwa wastani. Baada ya miaka sita, kilo 41 zilikuwa zimerudi. Kati ya 14, mmoja tu ndiye ambaye uzito haukumrudia.

Mtasema walizembea. Nilidhani hivyo pia mpaka niliposoma habari ya mwili ukiwa umepumzika. Miili yao ilikuwa inaunguza takriban kalori 500 kwa siku chini ya inavyotarajiwa kwa mtu wa umri na umbo lao. Hiyo ni kama mlo mzima. Yaani mshiriki na jirani yake wa uzito uleule wakila sahani sawasawa, jirani anabaki alivyo, mshiriki ananenepa. Na hata njaa yao haikuwa ya kawaida, kwa sababu homoni inayoambia ubongo kwamba umeshiba ilibaki chini.

Taa zimezimwa, mshindi ameshapeana mikono na mtangazaji, na mwili bado uko shindanoni mwaka wa sita. Hapo utarekebisha uhariri gani, kaka?

RIMOTI MKONONI
Huo mfano ni mzito, sikatai. Lakini ni wa kitabibu. Mtu aliyekaa kisiwani anaota jua na kutafuta mchumba si sawa na mgonjwa.

MSOMAJI KIMYA
Sijawahi kuchangia humu, leo imebidi.

Mnaongea kana kwamba watayarishaji wako peke yao duniani. Kura nilipiga mimi. Klipu nilisambaza mimi.

Mnamkumbuka Jade Goody? Aliingia Big Brother ya Uingereza mwaka 2002, akawa wa nne. Magazeti ya udaku yalimfananisha na nguruwe. Akatoka, akauza maisha yake yaleyale yaliyochekwa, akatajirika. Mwaka 2007 akarudi kwenye jumba la mastaa, akamtolea Shilpa Shetty, mwigizaji wa India, maneno ya kibaguzi, jina likaporomoka ndani ya siku chache. Mwaka 2008 akaenda India kwenye Bigg Boss, Big Brother ya kwao, ambayo mtangazaji wake alikuwa huyohuyo Shilpa, na humo ndani ndimo alimopokea habari kwamba ana saratani ya shingo ya kizazi. Alifariki tarehe 22 Machi 2009, miaka 27. Kamera aliendelea kuzikaribisha mpaka karibu na mwisho, na alisema waziwazi kwamba anataka hela ya kuwasomesha wanawe wawili.

Katika kipindi hicho, kuanzia katikati ya 2008 hadi katikati ya 2009, vipimo vya saratani hiyo huko England vilizidi kawaida kwa karibu nusu milioni.

Sasa huyu alinyonywa, au alitutumia sisi kuliko tulivyomtumia? Nimeliwaza miaka yote hii. Nikiamka upande mmoja naona hivi, nikigeuka naona vile.

MLETA MADA
Dada (au kaka, samahani), kwa Jade nakubali kwamba halina jibu jepesi. Ila alikuwa na kipaji cha kuigeuza kejeli kuwa biashara. Sheria haitungwi kwa ajili ya wenye kipaji hicho.

NENO LA MKATABA
Naomba niguse hili la "walisaini", maana linarudiwa kama amina.

Ufaransa, mahakama ya juu kabisa ya rufaa ilikutana na hoja hiyo tarehe 3 Juni 2009. Washiriki wa L'Île de la tentation, kipindi cha kuwajaribu wapenzi kilichorekodiwa Thailand, walisema walikuwa kazini. Mtayarishaji akasema hapana, walikuwa wanacheza. Mahakama haikuhangaika na neno lililoandikwa juu ya mkataba, iliangalia siku yao ilivyokwenda. Nani anapanga saa ya kuamka? Mtayarishaji. Nani anasema tukio lirudiwe kurekodiwa? Mtayarishaji. Unaweza kutoka eneo hilo, au kuwasiliana na nje? Huwezi. Basi huo ni mkataba wa kazi.

Marekani nako kumeanza kuchemka. Mshiriki mmoja wa Love Is Blind, kipindi cha kutafuta mchumba bila kuonana, alifungua kesi mwaka 2022 akidai walilipwa dola 1,000 kwa wiki kwa siku zilizofika hadi saa 20 za kazi. Waandaaji walikana, lakini mwaka 2024 wakakubali kulipa dola milioni 1.4 kumaliza kesi. Desemba mwaka huohuo, ofisi ya bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi ikafungua shauri ikisema washiriki hao ni wafanyakazi.

Ukishaitwa mfanyakazi, mambo mengi yanakuja bila kuombwa: fidia ya kuumia, saa za kupumzika, haki ya kujiunga na chama. Ndiyo maana wanalikimbia neno hilo.

RIMOTI MKONONI
Sawa, na mimi niseme mnachokikwepa. Nani atalipa? Mitandao mikubwa itaweza. Mtayarishaji mdogo mwenye kamera nne na wafanyakazi kumi atafunga. Halafu wajibu unaishia wapi? Baada ya washiriki wawili wa zamani wa Love Island, kile kipindi cha Uingereza cha wachumba kisiwani, kufariki, 2018 na 2019, ITV, kituo kinachokirusha, ilitangaza utaratibu: vikao visivyopungua vinane na mtaalamu wa saikolojia, mafunzo ya fedha na ya mitandao, na mshiriki kufuatiliwa kwa hadi miezi 14. Tangu Aprili 2021 kanuni za Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa huko, nazo zinawataka warushaji wa Uingereza kuwachukulia tahadhari washiriki wanaoweza kudhurika. Vizuri. Lakini kwa nini miezi 14? Mtu akivurugikiwa mwezi wa 15, ni kipindi au ni maisha yake?

MEZA YA UHARIRI
Swali zuri, na jibu langu ni la kihasibu. Klipu ya dada wa jino bado ipo mtandaoni na bado inaingiza hela za matangazo. Yeye hapati hata senti. Mwezi wa 15 upo kwake kwa sababu upo kwao.

MLETA MADA
Hapo umenisaidia kuliko nilivyojieleza. Tusihesabu miezi. Picha ikirudiwa kurushwa, mshiriki apate sehemu, kama waigizaji wanavyopata kwenye marudio. Na akiomba picha nzima aliyokatwa, apewe. Hilo la pili halina gharama hata kwa yule wa kamera nne.

RIMOTI MKONONI
La picha nzima nakubali, tena bila masharti. La sehemu ya mapato tunaweza kuongea, mradi msije na asilimia za ajabu. La mshauri wa saikolojia wa kudumu bado nakataa.

MSOMAJI KIMYA
Meza ya Uhariri, yule dada alipata picha yake?

MEZA YA UHARIRI
Hapana. Jino aliling'oa, hilo aliniambia.