Mbegu gani ya viazi mviringo kwa kieneo kidogo Ngaramtoni?

mama_wawili: Wadau habari zenu. Nina kieneo nyuma ya nyumba huku Ngaramtoni, Arusha, msimu uliopita niliweka nyanya zikanyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, nikang'oa zote. Masika hii nataka viazi mviringo, vya kula nyumbani na chipsi za watoto. Nasikia mara mbegu ya Asante, mara Sherekea, mara Shangi, nachukua ipi? Na tuta naandaaje, samadi ninayo ila bado ni ya moto, majivu ya jikoni pia yapo kibao nataka nimwage yote

chalii_wa_sakina: Shangi tu sista, miezi 3 unachimba na jikoni haimalizi gesi. Ubaya wake haikai, ukiiweka stoo muda kidogo tu ishaota

mkulima_siha: We chalii umesoma alichoandika kweli? Mama, nyanya kunyauka zikiwa kijani hivyo usiipuuze, inaweza kuwa mnyauko wa bakteria, na viazi ni ukoo mmoja na nyanya, biringanya, hoho, hata mnavu, kwahiyo ugonjwa unabaki udongoni unawasubiri. Kama kuna shina limebaki kata kipande cha chini ukining'inize kwenye glasi ya maji masafi, ukiona uziuzi mweupe unachuruzika basi ndo wenyewe. Hapo piga mahindi au vitunguu misimu kadhaa na kila nyanya inayojiotea ng'oa. Mbegu hata iwe nzuri vipi haitakusaidia hapo

mama_wawili: Mungu wangu. Limebaki moja kwenye kona, nimelijaribu sasa hivi, uzi upo 😭 Ila upande wa juu kulikuwa na mahindi, kama mita 4 kwa 6, maji ya mvua yanatoka huko kushuka kwenye nyanya

mkulima_siha: Afadhali maji yanatoka huko kwenda kwenye nyanya, yangekuwa yanatoka kwenye nyanya kwenda huko ningekwambia uache kabisa. Tumia huko juu, ila jembe na mabuti osha kabla hujavuka. Lima kina cha jembe zima, tuta hadi tuta sentimita 75, mbegu hadi mbegu 30, hapo mbegu mia na kidogo zinatosha. Samadi ya moto iache ioze kwanza. Majivu usimwage, viazi vinapenda udongo wenye tindikali kidogo, ukizidisha majivu ganda linatoka upele. Vikifika kama sentimita 20 pandishia udongo, kiazi kikipigwa jua kinakuwa kijani na hicho hakiliwi

mama_wawili: Asante sana kaka. Na mbegu sasa?

mkulima_siha: Kwa masika mimi ningechukua Sherekea, ukungu wa majani wa wakati wa mvua inauvumilia kuliko Shangi. Nunua mbegu iliyothibitishwa, ulizia TARI Tengeru (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) si mbali na kwako, usiokote vya sokoni maana mnyauko unasafiri ndani ya kiazi kizima kisicho na dalili. Chagua vya saizi ya yai upande vizima, kisu kinasambaza ugonjwa

chalii_wa_sakina: Sawa mkuu nimenyamaza. Ila vuli mama jaribu na Shangi hata tuta moja